Kaskazi Haijawahi Kufika Mwanjelwa

Ndugu msomaji, hebu simama hapo ulipo, nyoosha mkono, unioneshe kaskazini ni wapi. Kama uko Mwanjelwa kama mimi, mkono wako utaelekea kwenye milima, kule inakopandia barabara ya Chunya. Vizuri, umepata. Sasa swali la pili, na hili si la darasa la nne: kwa nini upande huo unaitwa kaskazini?

Jibu lake liko baharini. Kaskazi ni upepo. Huvuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, na kwa mamia ya miaka ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi mpaka Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Kusi naye ni upepo. Hushika kuanzia Aprili au Mei na kuyarudisha majahazi yaleyale kwao. Mswahili wa pwani hakuhitaji dira. Upande unakotoka kaskazi akauita kaskazini, upande unakotoka kusi akauita kusini, akarudi zake barazani kunywa kahawa.

Basi sisi wa huku juu, mamia ya kilomita kutoka bahari na mita 1,700 hivi juu yake, tukalipokea neno zima bila kuuliza. Fundi baiskeli wa Mwanjelwa ambaye hajawahi kuona hata ngalawa ya picha anakuelekeza: "Nenda kusini kidogo, utaona kibanda cha mama ntilie." Bila kujua, ametweka tanga. Kaskazi yenyewe, ile ya majahazi, haijawahi kufika Mwanjelwa. Lililofika ni jina lake.

Hicho ndicho kichekesho ninachotaka tukifuatilie. Kiswahili kilipopanda milima kilikuja na mzigo wa hali ya hewa ya kwao. Kilipofika huku kikakuta mbingu nyingine kabisa. Tangu hapo maneno na mawingu hayaelewani, na pale wasipoelewana wawili, Waswahili hupata utani.

Safari ya maneno

Kiswahili hakikuja Mbeya kwa siku moja. Kuna kilichokuja na misafara ya biashara, kuna kilichokuja na Wajerumani waliokitumia katika utawala wao, na kuna kilichokuja na wamisionari. Mji wenyewe ulianza mwaka 1927 wakati wa Waingereza, na dhahabu ya Lupa kule Chunya ndiyo iliyoukuza. Katika miaka ya 1930 watu wa kila kabila walimiminika machimboni, na Msafwa, Mnyakyusa, Mnyiha, Mbemba na Mnyamwezi hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania chepe. Kisha ikaja Reli ya Uhuru, TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Treni ile ilileta watu wa Dar na maneno yao, na pia ilileta mashati yao mepesi.

Mashati mepesi yana historia yake. Shuleni tulisoma kwamba kuna masika, kuna vuli, kuna kiangazi na kuna kipupwe. Tukakariri, tukapata alama. Lakini ukitoka nje ya darasa kuzitafuta hizo nne, huzioni. Huku mvua ni msimu mmoja tu: zinaanza Novemba, zinakwisha Aprili, zikichelewa sana Mei. Vuli hatuna. Mamlaka ya Hali ya Hewa yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana inapotangaza mwelekeo wa mvua inasema "vuli" na "masika" kwa mikoa ya kaskazini na pwani, na kwa mikoa kama Mbeya na Iringa inasema "mvua za msimu". Neno kavu kama risiti. Wenzetu wamepewa majina mawili ya kishairi, sisi tumepewa kauli ya ofisini.

Sasa njoo kwenye kiangazi. Neno lenyewe lina mwanga ndani yake: anga, angaza, kiangazi. Kwa mtu wa Tanga kiangazi ni jua, jasho na madafu. Kwetu kiangazi ni miezi isiyo na mvua, yaani pamoja na Juni na Julai. Na Julai ya Mbeya, msomaji wangu, usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Kule Kitulo na Makete unaweza kuamka ukakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Kwa hiyo ndugu yako wa Dar anapouliza kwa simu, "Huko ni msimu gani?", unamjibu kwa ukweli kabisa, "Kiangazi", naye anakuja na kaptula. Mnakutana stendi. Yeye ana kaptula, wewe una koti la mtumba lenye nembo ya timu ya magongo ya Kanada. Mnatazamana. Kila mmoja anamwona mwenzake kichaa, na wote mmesema Kiswahili sanifu.

Na kipupwe? Kipupwe cha Dar ni ule ubaridi wa Juni na Julai unaowafanya watu wa Kariakoo watoe masweta na kulalamika kwamba "siku hizi baridi imezidi". Hiyo baridi ikija Mwanjelwa tutavua mashati tuoge nje. Namfahamu mama mmoja muuza makoti ya mitumba ambaye alikuwa akiwatambua wageni kwa mtindo mmoja tu: "Mwanangu, anayeuliza bei ni wa hapa. Anayelivaa kwanza halafu ndio anauliza bei, huyo ameshuka na basi la asubuhi." Na bei, bila shaka, ilipanda kulingana na meno yalivyokuwa yakigongana.

Mvua tatu jela

Kuna neno moja, hata hivyo, ambalo likifika huku linakaa kama limetengenezewa hapa. Neno hilo ni mvua, lakini mvua ya mahakamani.

Si unajua vichwa vya habari vya magazeti ya mitaani? "Jambazi ala mvua thelathini." "Mbakaji mvua kibao." Mtoto mdogo akisoma anaweza kudhani jamaa kaachwa nje bila mwavuli. Mvua hapo ni mwaka. Ni hesabu ya kale: wazee wengi wa bara walihesabu umri kwa misimu ya mvua kabla kalenda ya ukutani haijafika na picha za magari.

Sasa fanya hesabu. Pwani kuna misimu miwili ya mvua kwa mwaka, masika na vuli. Mfungwa wa Dar aliyehukumiwa mvua sita, akiwa mjanja wa kuhesabu, anaweza kumwambia askari magereza baada ya miaka mitatu: "Afande, masika tatu na vuli tatu, jumla sita, fungua mlango." Mfungwa wa Mbeya hana ujanja huo. Mvua yetu ni moja kwa mwaka, ndefu na yenye tope. Hapa mvua sita ni miaka sita kamili. Sidai kwamba msemo huu ulizaliwa Mbeya. Nasema tu kwamba hesabu yake inakubali huku kuliko Magomeni. Na labda si ajabu kwamba timu kongwe ya mpira ya mji wetu inaitwa Prisons.

Simba anapozaa

Jua linawaka, mvua inanyesha. Kila mtoto wa nchi hii anajua kinachoendelea: simba anazaa. Wapi anazalia, haisemwi. Mwanjelwa tulikuwa na uhakika kwamba ni huko nyuma ya mlima, na tulikatazwa kwenda kuangalia. Kwenye kijiwe cha washona viatu jambo hilo lilikuwa na maana nyingine. Mashabiki wa Yanga wakiona jua na mvua kwa pamoja walianza: "Simba wenu wako leba, ndiyo maana hawafungi." Mpaka mvua iishe, utani unakuwa umefika kwa bibi wa mtu.

Nilidhani hicho ni kitu chetu peke yetu. Kumbe dunia nzima inasema jambo, na kila mahali mnyama ni mwingine. Wakikuyu wa Kenya wanasema fisi anazaa. Wazulu wanasema ni harusi ya tumbili. Wajapani wanasema ni harusi ya mbweha. Wafaransa, watu wa mapenzi hao, wanasema shetani anampiga mkewe na kumwoza binti yake. Mwaka 1957 mtaalamu wa fasihi simulizi kutoka Ufini, Matti Kuusi, alitoa kitabu kizima juu ya misemo ya mvua ya jua peke yake, alioukusanya kutoka pembe nyingi za dunia. Tazama jina lake: Kuusi. Angezaliwa Bagamoyo angekuwa nahodha.

Ukiiangalia orodha hiyo unaona kitu. Kila mahali ni uzazi, au ndoa, au ugomvi wa ndoa. Jua na mvua havipaswi kukaa nyumba moja, na vikikaa lazima kuna jambo la siri linafanyika ndani. Mwenye elimu atakwambia ni wingu dogo tu, jua linalipita ubavuni. Sawa. Lakini "wingu dogo limepitwa ubavuni" hakuna mtoto atakayelikumbuka akiwa na miaka arobaini.

Umeme ukija, umeme unakwenda

Kiswahili, kwa ubahili au kwa busara, kiliupa umeme wa mbinguni na umeme wa nguzo jina moja. Matokeo yake ni sentensi ambayo mgeni hawezi kuielewa: "Umeme ulipopiga tu, umeme ukakatika." Tafsiri hiyo umpe Mzungu anayejifunza lugha, atarudi kwao.

Na uhusiano wao hauishii hapo. Umeme wa nguzo kwa miaka mingi ulitegemea mabwawa, na bwawa kubwa la kuhifadhia maji lilikuwa Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Mvua ikigoma huku kwetu, taa zilikuwa zikizimika Dar. Katika ukame wa 2006, mgao ulipokuwa mkali, nchi nzima ilijifunza kutaja kina cha maji ya Mtera kama inavyotaja matokeo ya mpira. Ikafika mahali Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, akazungumzia mpango wa kupata utaalamu wa kutengeneza mvua kutoka Thailand. Vijiweni mambo yakawa matamu. Je, mvua ya Thailand italipiwa ushuru bandarini? Je, ikinyesha itakuwa na pilipili? Mwisho wa mwaka mvua ikaja yenyewe, haina ankara.

Utani wa radi, kwa upande wa pili, una makali. Sumbawanga ni majirani zetu, na inaelezwa kwamba jina la mji huo kwa Kifipa ni agizo: tupa uchawi. Watani wao wakasahau neno "tupa" wakabaki na "uchawi". Ukimdai Mfipa, wanasema, usimdai wakati wa mawingu. Nimecheka utani huo mara mia. Lakini kicheko hicho kina jirani yake mbaya. Katika nchi hii kuna watu, wengi wao wazee, walioshukiwa "kutuma radi" na kufukuzwa au kudhuriwa kwa sababu umeme umepiga nyumba ya jirani. Na huku tunafunika vioo, tunavua nguo nyekundu mvua ikianza, halafu tunakimbilia chini ya mti mrefu kuliko yote, hapohapo ambapo radi hupenda kupiga. Radi haisomi rangi ya shati. Inatafuta kilicho kirefu. Utani unaotufanya tumwogope mzee na tusiuogope mti umetugharimu.

Hali ya hewa ilipochafuka

Sasa tupande ngazi, tuingie siasa. Zamani "hali ya hewa" ilikuwa kipande cha redio baada ya taarifa ya habari, wakati ambapo watu wazima walinyamazisha watoto na watoto walitoroka. Leo ukisema mbele ya vijana, "Nani kachafua hali ya hewa?", darasa zima linaziba pua na kumtazama mmoja aliyekaa kimya kupita kiasi.

Kati ya redio na pua kuna historia. Januari 1984 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Dodoma, na Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, akajiuzulu nyadhifa zake. Ali Hassan Mwinyi akashika Zanzibar. Kulikuwa na mvutano mzito juu ya muundo wa Muungano. Lakini mvutano mzito hausemwi hivyohivyo mbele ya watu. Ulipewa jina la heshima: "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa" Zanzibar. Neno lilikaa. Tangu hapo Mtanzania akitaka kusema kwamba watu wanagombana bila kumtaja anayegombana, anailaumu hewa.

Uzuri wa msemo huo ni kwamba hauna mtenda. Hewa imechafuka yenyewe, kama vile wingu lilivyokuja. Vijana wa mitaani, ambao hawapendi sentensi zisizo na mtenda, wakaushusha kutoka Dodoma mpaka kwenye daladala, wakauwekea mtenda: fulani *kachafua*. Mimi naona huo ni uhakiki mkubwa wa lugha ya siasa, na umefanywa bila shahada.

Upepo nao uliingia chama. Harold Macmillan, Waziri Mkuu wa Uingereza, alihutubia Cape Town Februari 1960 akazungumzia upepo wa mabadiliko unaovuma Afrika. Miaka thelathini baadaye kwetu ukawa "upepo wa mageuzi". Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi mwaka 1991, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Kila mkutano wa hadhara ulikuwa na msemaji mmoja wa kusema upepo umevuma, na mzee mmoja wa nyuma wa kuuliza kama upepo huo utaezua mabati ya nani. Swali zuri. Mtu wa pwani hujua kwamba upepo unakufikisha safari. Mtu wa mlimani hujua kwamba upepo unachukua paa.

Na hewa yenyewe, ile tupu, ikapata kazi serikalini. "Mtumishi hewa" ni mtu asiyekuwepo ambaye mshahara wake upo. Uhakiki wa mwaka 2016 uliwakuta zaidi ya 10,000. Kukawa na wanafunzi hewa, kaya hewa, na kwenye vocha za pembejeo wakulima hewa. Hapo kicheko kinakwama kooni, maana mkulima hewa anachukua mbolea, na mkulima wa nyama na damu anatazama juu kungoja mvua.

Mtabiri na mtabiri

Neno "tabiri" asili yake ni Kiarabu, na kule lilihusu kufasiri ndoto. Tulilipokea, tukawapa watu wawili tofauti walitumie: mtaalamu wa hali ya hewa mwenye vipimo, na mnajimu. Miaka mingi katika nchi hii ukisema "utabiri" watu walifikiri mambo mawili, mvua ya kesho na Sheikh Yahya Hussein, mnajimu maarufu aliyefariki mwaka 2011. Unadhani mtaalamu wa hali ya hewa alikuwa na bahati gani? Mwenzake anatabiri viongozi na vifo, yeye anatabiri "vipindi vifupi vya jua".

Basi tukamcheka. Mtu akikuahidi pesa bila uhakika unamwambia, "Hiyo ni hali ya hewa." Lakini sikiliza vizuri anachosema mtaalamu: "mvua za wastani hadi chini ya wastani". Wastani huo si wa kubahatisha. Ni kiwango kinachopatikana kwa kupima mvua za miaka thelathini. Na hasemi *itakuwa*. Anasema *inategemewa*, uwezekano ni mkubwa zaidi upande huu kuliko ule. Ni lugha ya mtu anayeweka dau kwa hesabu. Tatizo ni kwamba jina la kazi yake linamtaka awe nabii.

Mwaka 1997 alitupa neno jipya: Elinino. Ni Kihispania, maana yake mtoto wa kiume, yaani Mtoto Yesu, kwa kuwa wavuvi wa Peru waliona maji ya bahari yao yakipata joto karibu na Krismasi. Joto hilo likileta mvua Afrika Mashariki, madaraja yanaondoka. Mvua za 1997 hadi 1998 zilikata barabara na reli. Kwa kawaida nguvu ya Elinino huonekana zaidi kaskazini ya nchi na pwani kuliko huku nyanda za juu kusini, lakini neno halikujali ramani. Kwenye mtaa wetu kila kilichozidi kikawa Elinino: sahani ya ugali iliyojaa, mshambuliaji mnene, mama mkwe aliyekuja kwa wiki moja akakaa miezi mitatu.

Na Mei 2024 kikaja kimbunga kupiga Mafia na pwani ya kusini, kikakata barabara ya Lindi. Jina lake? Hidaya. Zawadi! Majina ya vimbunga hupangwa mapema katika orodha, hakuna aliyekusudia. Lakini mtu aliyelala kwenye basi njiani, mbele daraja halipo, nyuma maji yamejaa, anapoambiwa kwamba ameletewa Hidaya, ana haki ya kuuliza nani aliyetuma na kama inarudishwa.

Wingu la kuliwa

Kabla sijafunga, nikushushe Kyela, kwenye Ziwa Nyasa. Kule kuna siku ziwa linatoa moshi. Unaona nguzo nyeusi zinapanda kutoka majini, unasema mvua hiyo inakuja. Si mvua. Ni wadudu wadogo mamilioni kwa mamilioni, huitwa kungu, na jina hilo ni ndugu wa ukungu. David Livingstone aliwaona katika safari zake za ziwa hilo na akaandika habari zao katika kitabu kilichotoka 1865. Watu wa ziwani waliwakusanya, wakawapika, wakafanya mikate. Alionjeshwa, akalinganisha na mayai ya samaki ya kizungu.

Waswahili wa pwani walituachia methali kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, pwani. Ziwa Nyasa dalili ya mboga nayo ni mawingu. Lakini methali ya namna hiyo sijaikuta kwenye kitabu chochote cha shule, na hapo ndipo ninapotaka kukushika shati, wewe unayeandika.

Nimekaa kwenye vikundi vyetu vya waandishi, nimesoma miswada ya wenzangu. Hadithi iko Isyesye au Uyole, mhusika anaitwa Tusajigwe, halafu ukurasa wa pili "upepo mwanana wa kaskazi ulipepea minazi". Minazi ya nani, mwanangu? Na mwezi ni Julai! Mwandishi amefunga macho yake mwenyewe akafungua ya kitabu cha darasa la sita. Anaogopa kwamba ukungu unaoficha Mlima Nyoka mpaka saa nne asubuhi si fasihi, na mnazi ndio fasihi.

Hili si la fasihi peke yake. Mama yangu mdogo analima mahindi. Novemba huja mvua moja yenye kelele, inalowesha vumbi, kumbikumbi wanatoka, watoto wanafurahi. Halafu kimya wiki mbili au tatu. Nyumbani wazee wanaiita mvua tapeli. Anayeipandia anapoteza mbegu, na mbegu ni pesa ya ada. Katika utabiri wa redio jambo hilohilo lina jina refu sana linalohusu mtawanyiko wa mvua, nalo linampita sikioni. Siku mtaalamu atakaposema redioni, "Jihadharini na mvua tapeli", mama mdogo atanyanyua kichwa. Neno lake linalo ujuzi ndani. Halina tu mtu wa kuliandika. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema, "Ndaga mwanangu. Sasa mkiliandika mtaniletea na mbolea?"

Watu wa mjini tuna msemo: acha mvua inyeshe tujue panapovuja. Kiswahili chetu cha huku kimenyeshewa miaka mingi na panapovuja tunapajua. Tunalo jina la upepo usiofika, na hatuna jina lililoandikwa la baridi inayotutoa machozi kila Julai tukisubiri daladala. Wazee wanayo, kwa Kisafwa, Kinyakyusa, Kibena, Kihehe na Kikinga, na wengine wameshayatafsiri kwa Kiswahili cha mtaani kama ile mvua tapeli. Waulize. Andika. Neno likikuchekesha, ujue limegusa mbingu ya kweli. Hata "mvua tatu" lilikuwa neno la kihuni kabla halijapata kichwa cha habari.

Na ukimwona ndugu wa Dar stendi na kaptula yake, usimcheke sana. Mpe koti. Halafu mweleze taratibu kiangazi ni nini.